Tunaiita mbegu na si mbegu: kangaga, mkonge na muhogo niliopeleka Mutomo

Wakwe zangu wako Mutomo, kusini mwa Kitui. Kutoka hapa Kilifi tunapanda basi la Nairobi mpaka Kibwezi, tunateremka, kisha tunashika matatu ya barabara ya Kitui ipitayo Ikutha. Zamani barabara ile ilikuwa ya vumbi, ukifika umekuwa mwekundu kama tofali. Siku hizi ni lami. Kwa barabara hiyo, miaka mitatu iliyopita, nilibeba mzigo ambao mpaka leo nikiukumbuka naona haya mbele ya shemeji yangu. Nitaufikia. Kwanza nianze na jiwe.

Nyuma ya nyumba ya mama mkwe kuna jiwe kubwa limelala kama mgongo wa nyangumi. Ukambani kuna mawe mengi ya namna hiyo, na Mutomo yenyewe ina kilima cha mawe kilichotengwa kuwa hifadhi ya mimea. Watu huenda pale kuangalia mishubiri na mimea mingine minene inayohifadhi maji. Jiwe la mama mkwe halina hifadhi wala kibao, hutumiwa kuanikia mtama na kunde.

Agosti tulipokwenda, kwenye nyufa za jiwe lile kulikuwa na vishungi vya majani makavu, vimejikunja, rangi ya majivu. Ukivigusa vinalia kama karatasi. Binti yangu, wakati huo ana miaka 10, alivikusanya akachezea upishi. Tukarudi tena Desemba, mvua za vuli zimeshanyesha. Vile vishungi vilivyobaki vimefunguka, vimekuwa kijani kibichi, kila kijani kimoja kina umbo la kipepeo cha mkono, mfano wa mkoma mdogo wa kuchezea. Binti akaja mbio.

"Baba, hii si ndiyo ile iliyokufa?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona haina maua? Mbegu yake iko wapi?"

Mimi nilifundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka mingi. Nikageuza jani, nikamwonyesha mstari wa kahawia chini yake, nikasema kwa sauti ya mwalimu: "Mbegu zake hizi hapa." Akaridhika akaenda zake. Usiku nikawa sina raha, kwa sababu nilijua nimemdanganya. Ile haikuwa mbegu, na mmea ule tangu dunia iumbwe haujawahi kuwa na mbegu hata moja.

Mmea wenyewe ni kangaga. Wengi wetu pwani tukisikia kangaga tunafikiria kinamasi, mito, na yale makangaga marefu kuliko mtu yanayoota pembezoni mwa mikoko, pale maji ya chumvi yanapokutana na maji matamu. Au yale yanayodandia miti kule Shimba Hills. Kangaga juu ya jiwe kavu la Ukambani ni jambo la kushangaza, na mshangao wenyewe unazidi ukishajua jinsi linavyozaa.

Tuanze na mbegu ya kweli ili tuone tofauti. Chukua nazi. Ndani ya nazi mna mtoto wa mnazi, mdogo sana, amekaa chini ya lile jicho moja laini. Amewekewa chakula, ambacho ni ile nyama ya nazi tunayoikuna, na maji ya kunywa. Nje ana kifuu kigumu, na nje ya kifuu ana makumbi yanayomwezesha kuelea baharini. Mama yake amemfungia masurufu ya safari ya miezi kadhaa. Mbegu zote ziko hivyo, hata ya mchicha: mtoto, chakula, na ganda.

Lile vumbi la kahawia chini ya jani la kangaga huitwa spora. Spora haina mtoto ndani. Haina chakula cha maana. Ni seli moja tu yenye ganda gumu, ndogo kiasi kwamba ukizipanga 20 hivi kwa mstari utapata kama milimita moja. Udogo huo una faida yake: jani moja linaweza kutoa mamilioni, na upepo unazibeba bila kuhisi uzito.

Namna zinavyorushwa ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Spora hukaa ndani ya vifuko vidogo, na kila kifuko kina mstari wa seli nene uliokizunguka mgongoni kama uti. Hali ya hewa ikikauka, maji yaliyomo ndani ya seli zile huanza kuvukizwa. Yakipungua, yanavuta kuta za seli, na ule uti unajipinda kwa nyuma taratibu, kifuko kinapasuka na kufunguka, kama mtoto anayevuta mpira wa manati. Mvuto unafika mahali maji hayawezi tena kushikilia, viputo vinatokea ghafla ndani ya seli, na uti unarudi mbele kwa kishindo. Spora zinarushwa kwa kasi ya karibu mita 10 kwa sekunde. Wanasayansi waliipima kasi hiyo kwa kamera za haraka na kutangaza matokeo yao mwaka 2012. Mmea hauna msuli wala mshipa, lakini una manati.

Kwa hiyo kiangazi cha Mutomo, kile tunachokilaumu kila mwaka, ndicho kinachovuta manati hii. Mpaka hapo kangaga na ukame ni marafiki. Shida inakuja spora ikishatua.

Ikianguka mahali penye unyevu, spora haioti kuwa kangaga. Hili ndilo watu wengi hawalijui, na mimi nililisahau tangu chuo cha ualimu. Inaota kuwa kitu kingine kabisa: kijani kimoja chembamba, laini, chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Hakina mizizi ya kweli, hakina shina. Ukikiona utadhani ni uchafu wa kijani tu. Hicho ndicho kizazi cha kati, na humo ndimo ndoa inapofungwa. Upande wake wa chini unaogusa udongo huota viungo vya kike vyenye yai na viungo vya kiume vyenye chembe za kiume. Chembe hizo zina mikia, zinaogelea kama viluwiluwi. Zikipata utando wa maji, hata tone moja tu la umande, zinaogelea kulifuata yai. Zinalijua lilipo kwa kunusa, kama tunaweza kusema hivyo: Mjerumani Wilhelm Pfeffer aligundua mwaka 1884 kwamba asidi ya malik, ile ile iliyomo kwenye tofaa bichi, huzivuta chembe za kiume za kangaga. Yai likirutubishwa, juu ya kile kijani cha moyo huchipuka kangaga la kweli, na moyo wenyewe unanyauka na kupotea.

Mtu aliyeufumbua mzunguko huu wote ni Wilhelm Hofmeister wa Leipzig, kitabu chake kilitoka 1851. Hakuwa profesa wakati huo. Kazi yake ilikuwa katika biashara ya vitabu na nota za muziki, na mimea aliisoma kwa hadubini kwa wakati wake mwenyewe, akiwa na macho mabovu, akiinamia karibu kabisa. Natamani ningewasimulia habari zake wanafunzi wangu zamani zile, badala ya kuwakaririsha.

Kuvumwani, ule utando wa kijani unaouona kwenye ukuta wa birika au chini ya mfereji unaovuja, nao hauna mbegu na unategemea kuogelea vilevile. Tofauti ni kwamba ule utando wa kijani tunaoukanyaga ndio wenye viungo vya kike na kiume, na kile kijiti chembamba chenye kikofia kinachosimama juu yake ndicho kinachotoa spora. Sitakaa hapo sana.

Sasa rudi juu ya jiwe. Chembe zinazoogelea, mahali ambapo mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na miaka mingine hata hiyo inasuasua! Zitaogelea wapi?

Jibu la kwanza ni nyufa. Maji ya mvua juu ya jiwe hayana pa kuzama, yanateremka na kukusanyika penye ufa wenye kiganja kimoja cha udongo. Shemeji yangu anajua hilo vizuri, maana ndiyo sababu watu wa kule hujenga vikuta vya saruji juu ya mawe ili kuvuna maji ya mvua na kuyaelekeza kwenye tangi. Kangaga limeshavuna maji ya jiwe kabla ya saruji kugunduliwa. Jani lake nalo linaweza kukauka hadi kulia kama karatasi, likakaa miezi, na likapata uhai tena baada ya mvua. Mimea mingi ikikaushwa hivyo hufa. Hili hujikunja likangoja.

Jibu la pili limenichukua muda kulielewa. Makangaga mengi ya nchi kame yameacha kuogelea. Yaani yanaruka ndoa. Kwa kawaida spora hubeba nusu ya kromosomu za mzazi, na nusu ya pili hupatikana chembe ya kiume ikikutana na yai. Makangaga haya hutengeneza spora zenye hesabu kamili tangu mwanzo. Ile spora inaota kuwa kijani cha moyo kama kawaida, lakini kangaga jipya linachipuka moja kwa moja kutoka kwenye mwili wa moyo ule, bila yai kurutubishwa, bila tone la maji ya kuogelea. Mtoto anafanana na mzazi kabisa. Ni njia ya haraka, inafaa mahali ambapo unyevu hudumu wiki chache tu.

Na upepo unafanya yaliyobaki. Makangaga ya jamii hii yenye umbo la mkoma mdogo hayapatikani Ukambani tu. Yako sehemu kavu nyingi za Afrika, yako Yemen, yako mpaka India, kwenye nyufa za mawe vilevile. Jahazi zetu zilihitaji kusi na kaskazi kufika huko, na spora nazo zinahitaji upepo tu, ila hazina nahodha. Mfano mkubwa zaidi wa safari za spora ni kisiwa cha Krakatau huko Indonesia. Mlima wake wa moto ulilipuka Agosti 1883 ukaunguza kila kilichokuwa hai. Mtaalamu wa mimea Melchior Treub alipokwenda kukagua mwaka 1886, miaka mitatu tu baadaye, alikuta aina 11 za makangaga zimeshajiotea juu ya majivu. Hakuna aliyezipeleka.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya mimea isiyo na mbegu: vumbi. Njia ya pili ni kukatika vipande, na hii ndiyo inayotuhusu sisi wenye majembe.

Kwa mama mkwe, ua wa shamba ni mkonge. Ukambani mkonge ni ua, ni kamba, ni kiondo. Nimemwona mama mkwe akisokota nyuzi kwenye paja lake huku akizungumza, haangalii hata mikono. Mkonge hukaa miaka mingi ukitoa majani, kisha siku moja unatoa mlingoti mrefu kwenda juu, unachanua mara moja tu katika uhai wake, na unakufa. Maua yake kwa kawaida hayatoi mbegu. Badala yake, mahali maua yalipodondoka panaota vikonge vichanga, vimekamilika, vina majani na vimizizi, mamia kwa mamia juu ya mlingoti mmoja. Vinaanguka chini, vingine vinashika ardhi. Chini nako mkonge unatoa machipukizi ubavuni. Vyote hivyo ni mkonge ule ule mmoja, umejigawa.

Na mkonge huo si wa kwetu. Asili yake ni Mexico, na jina sisal ni la bandari moja ya Yucatán. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vikonge 1,000 kutoka Florida kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Safari ilikuwa ndefu, kupitia Hamburg, na vingi vilikufa. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Wako wanaosimulia kwamba vilisafirishwa kwa siri ndani ya tumbo la mamba aliyejazwa, hadithi tamu, sijui kama mamba mwenyewe aliulizwa. Vile 62 vilipandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hapo vikazaliana kwa njia hiyo ya vikonge na machipukizi, hadi Tanganyika ikawa nchi inayoongoza duniani kwa mkonge, na hadi mashamba makubwa yakaenea Kenya pia. Ukipita Vipingo ukiangalia ile mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka, au ukipita Kibwezi ukielekea Mutomo, unaona nguvu ya mmea usiongoja mbegu.

Nguvu hiyo inaweza pia kuwa balaa. Ziwani Naivasha kuna kangaga la majini linaloelea, wengi wanaliita magugu ya Kariba kwa sababu lilifunika sehemu kubwa ya ziwa Kariba baada ya bwawa kuanza kujaa mwishoni mwa miaka ya 1950. Asili yake ni Brazil. Ni kangaga tasa: lina seti tano za kromosomu ambazo hazigawanyiki sawasawa, kwa hiyo spora zake hazioti. Lakini kila kipande kinachokatika kwa kasia au kwa kwato ya kiboko kinakuwa mmea mpya, na katika maji ya joto linaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache. Lilipoivamia Naivasha, wavuvi hawakuwa na pa kutupa nyavu. Aliyelipunguza hatimaye ni mdudu, kifukusi cha milimita mbili hivi kilichotoka huko huko Brazil, ambacho hakitaki kula kingine. Kwa kuwa makangaga yale yote ni mmea mmoja uliojigawa, mdudu aliyeuweza mmoja aliiweza yote.

Mgomba nao uko kundi hili. Ndizi ya mwitu imejaa mbegu ngumu za kuvunja meno. Kisukari na mkono wa tembo tunazokula hazina, ila vile vidoti vyeusi katikati ambavyo ni mabaki ya mbegu zilizoshindwa. Migomba yetu mingi ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na hesabu ya tatu haigawanyiki kwa wawili. Ndiyo maana tunapanda vichipukizi. Na ndiyo maana pia ndizi ya Gros Michel, iliyotawala soko la dunia, iliangushwa na ugonjwa mmoja wa mnyauko hadi kufikia miaka ya 1960 wafanyabiashara wakahamia aina nyingine. Mgomba mmoja ukiugua, jirani yake hana kinga tofauti, maana jirani yake ni yeye mwenyewe.

Sasa mzigo wangu.

Shemeji alinipigia simu kwamba mahindi yamemshinda, misimu miwili mfululizo hakuvuna. Alitaka kujaribu muhogo, kwa sababu muhogo unavumilia jua. Akaniambia, "Shemeji, wewe ni mtu wa pwani. Niletee mbegu ya muhogo." Nami nikajibu kwa fahari, nitakuletea Kibandameno. Wapwani mnaijua Kibandameno: laini, tamu, unaitafuna hata mbichi. Nikaenda kwenye shamba la familia, majani yalikuwa yameshapukutika kwa kiangazi, nikakata vijiti vilivyonyooka, nikafunga mafungu mawili kwa kamba, nikaweka kwenye buti la basi. Hakuna aliyenizuia njiani, na mimi mwenyewe sikuwaza kitu.

Angalieni lile neno: mbegu ya muhogo. Sisi sote tunalisema. Kile kijiti si mbegu. Muhogo unazo mbegu zake za kweli, vitunda vidogo vya mviringo vinavyokauka na kupasuka vikirusha mbegu, lakini mkulima hazipandi. Anapanda kipande cha mwili wa mmea. Na kipande cha mwili hubeba kila kilichomo mwilini. Mbegu ya kweli kwa kawaida huacha nyuma virusi vingi vya mama yake. Kijiti hakiachi kitu. Mimi niliyejua kutofautisha spora na mbegu, baada ya kujikwaa mbele ya binti yangu, sikufikiri kwamba hata kile nilichofunga kwa kamba hakikuwa mbegu.

Vilishika vizuri. Shemeji alinitumia picha kwa simu, mimea imesimama mistari. Baada ya miezi miwili picha zikabadilika. Majani yamekuwa na mabaka ya manjano na kijani, yamejikunja, mengine yamekuwa membamba kama vidole. Nilijua nikiwa bado sijaivuta picha karibu. Ni batobato.

Batobato ni virusi. Vinasafiri kwa njia mbili: ndani ya kijiti anachopanda mkulima, na kwa inzi weupe wadogo wanaofyonza majani na kuhama kutoka mmea hadi mmea. Uganda iliteswa na batobato kali kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi miaka ya 1990, sehemu nyingine watu waliacha kabisa kulima muhogo, njaa ikaingia, na katikati ya miaka ya 1990 ikavuka hadi magharibi mwa Kenya. Pwani tuna na ndugu yake, michirizi ya kahawia, ambao ni mbaya kwa hila: majani yanaweza kuonekana mazima, ukichimba unakuta muhogo umeoza ndani, kama kizibo cha kahawia. Ugonjwa huo H. H. Storey aliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1936, kutokana na kazi yake katika kituo cha Amani, milima ya Usambara, Tanganyika.

Bwana shamba aliyekuja kwa shemeji hakuzunguka. Ng'oa yote, choma, usimpe jirani hata kijiti kimoja. Shemeji alikuwa ameshampa jirani. Alikwenda mwenyewe kwa miguu kuomba vijiti virudi, na jirani tayari alikuwa amepanda. Wakang'oa pamoja. Msimu ule nyumba mbili hazikupata muhogo, na hazikuwa na mahindi pia. Mama mkwe hakunilaumu kwa neno. Alisema tu, "Mwanangu, ulileta kwa nia njema," na hilo liliniumiza zaidi kuliko angenigombeza.

Nilipouliza kwa waliobobea, nilielezwa mambo mawili. La kwanza ni la mkono: usikate vijiti wakati majani yamepukutika. Zunguka shambani wakati mimea ina majani, funga kitambaa kwenye ile isiyo na mabaka, kisha wakati wa kukata chukua kutoka kwa iliyofungwa tu. Kama unaweza, tafuta aina zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Mtwapa, kama Tajirika, Karembo na Shibe, zinazostahimili magonjwa haya kuliko Kibandameno. Kustahimili hakumaanishi kwamba haziugui kabisa, kwa hiyo kitambaa kinahitajika vilevile.

La pili ni la historia na linarudi kwenye mbegu. Aina hizi zinazostahimili hazikutoka kwenye vijiti. Kijiti kinatoa muhogo ule ule na udhaifu ule ule, hata ukikata mara elfu. Katika miaka ya 1930 pale Amani, Storey na mwenzake Nichols waliuchanganya muhogo na mpira wa Ceará, mti wa jamii moja na muhogo ambao wakoloni waliupanda huku kwetu kwa ajili ya utomvu wake. Chavua ya huyu juu ya ua la yule, kisha wakaotesha mbegu za kweli, maelfu ya miche isiyofanana, wakachagua iliyokataa kuugua. Mbegu za uzao wa Amani zilipelekwa hadi Nigeria katika miaka ya 1950, na aina nyingi zinazostahimili batobato barani zina damu ya miche ile. Kwa maneno mengine, mmea tunaouzidisha kwa vijiti ulihitaji kurudi kwenye mbegu ili upone.

Kangaga la jiwe lililoruka ndoa linakabiliwa na jambo hilo hilo, ingawa halina bwana shamba. Mtoto anafanana na mzazi, faida na hasara. Ila vumbi lake, angalau, ni seli moja iliyofungwa ganda, haibebi mwili mzima wa mama na maradhi yake kama kijiti changu.

Mwaka jana nilimpelekea shemeji vijiti vipya. Safari hii nilizunguka shambani mara tatu na kitambaa chekundu mkononi, jirani zangu hapa wakadhani nimerogwa. Niliacha Kibandameno yote, ingawa roho iliniuma kwa utamu wake. Shemeji alipokea mafungu, akavikagua kimoja kimoja mbele yangu bila kusema kitu, na mimi nikasimama kama mwanafunzi. Kisha akavipanda mbali, upande wa pili wa ua wa mkonge, peke yake, vikae msimu mmoja vikiangaliwa kabla ya kumpa mtu.

Binti nilishamwomba radhi kuhusu lile jibu la juu ya jiwe. Tulichukua jani moja la kangaga lenye mistari ya kahawia iliyokomaa, tukaliweka juu ya karatasi nyeupe upande wa mistari ukiangalia chini, tukalifunika kwa kitabu usiku mmoja. Asubuhi kwenye karatasi palikuwa na picha ya jani, imechorwa kwa vumbi la kahawia. Tulirudi nalo Kilifi ndani ya bahasha. Alichemsha udongo kuua wadudu, akaujaza kwenye chupa ya jamu, akalinyunyiza lile vumbi, akafunika kwa nailoni na kuiweka dirishani pasipopigwa jua kali. Wiki tano hakukuwa na kitu, na mama yake akataka chupa yake. Wiki ya sita udongo ukawa na ukungu wa kijani. Sasa ni mwezi wa tatu, na ukitazama kwa lenzi unaziona nyoyo ndogo 14, alizihesabu mwenyewe, na moja kati ya hizo imeanza kutoa kijani kilichojikunja.

Shemeji alipiga simu juzi. Muhogo una miezi mitano na majani bado yana rangi moja. Ameniambia nisimwambie mtu bado.